Fundi Sikai, Cherehani Kichwani

Ninyi mnaoshona kwa umeme hapo Mpemba, mkikanyaga kidogo tu mguu wa suruali umekwisha, hebu sogezeni viti. Sikuja kuwakosoa. Kazi nimewaachia, macho yangu hayaoni tena tundu la sindano mpaka mjukuu anitungie uzi. Lakini jana nilimwona mmoja wenu, simtaji, ametoa khaki dukani, akaitandaza mezani, akaikata. Kavu. Nikang'ang'ania mkongojo wangu nisiseme neno, maana nilimkumbuka baba.

Baba yangu, Lazaro, alikuwa fundi cherehani wa kutembea. Enzi za Mwingereza fundi hakusubiri wateja chini ya bango. Alibeba cherehani kichwani, ile ya kuzungusha kwa mkono, akaenda kule watu waliko. Sasa, kabla sijazaliwa, wanyapara wanne wa barabara walimletea khaki pale Mlowo awashonee kaptula. Akawapima, akakata, akashona kwa siku mbili kwenye baraza la duka, wakavaa, wakafurahi. Baba akajitwisha mzigo wake akaenda Nanyala.

Mvua ikanyesha. Khaki mpya ikiloa hurudi. Hilo ninyi mnaambiwa na muuza duka, baba hakuna aliyemwambia. Siku ya tatu akawaona wanyapara wale wanakuja Nanyala kwa mstari mmoja, hatua fupi fupi, mikono wameiacha mbali na mapaja.

"Fundi," akasema mkubwa wao, "tumekufuata."

"Naona. Mbona mnatembea kama bibi harusi?"

"Sababu unayo wewe. Tangu juzi sijainama. Vibarua wananiuliza sururu inashikwaje, nawaelekeza kwa kidevu."

Baba akageuza pindo la ndani atafute pa kufumulia. Hakukuwa na kitu. Alikuwa kijana, alikuwa akibana kitambaa kama mchoyo wa unga, hakuacha akiba ya mshono hata upana wa kucha. Basi akafumua ubavuni, akatia vipande virefu vya kaniki nyeusi kutoka kiunoni hadi gotini, kila upande. Wakaondoka wakiwa na kaptula za khaki zenye mistari myeusi, yeye akaomba Mungu asikutane nao tena.

Baada ya mwezi wakaja wanyapara wengine kutoka upande wa Tunduma. Walitaka mistari. Walisema nyapara asiye na mistari vibarua hawamwogopi. Baba akawashonea, na siri ile hakuitoa mpaka alipozeeka. Kwa hiyo, wewe ninayekutazama: lowesha, anika, ndipo ukate. Na acha akiba ya inchi moja. Si kila kosa litageuka cheo.

Mmeniomba niwaeleze alivyokuwa. Alikuwa mtu asiyekaa. Alipokuwa kijana alikwenda Abercorn, ng'ambo ya mpaka, kwa miguu akawa dobi. Kutoka hapo akafika Ndola, na huko fundi mmoja mtu wa Nyasa akamwonyesha kazi. Alisema mwaka mzima wa kwanza hakuruhusiwa kugusa cherehani, alishona matundu ya vifungo tu, kwa mkono, mpaka akawa anayaota. Alirudi huku akasikia watu wanakimbilia Lupa kwenye dhahabu, akaenda na yeye, lakini si kuchimba. Aliona kwamba mchimbaji hupasua suruali magotini kila wiki, apate dhahabu asipate. Cherehani yake ya kwanza aliipata hukohuko, kwa mchimbaji aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, akaileta Tunduma kichwani.

Mama yangu, Tabita, alikuwa akisema, "Siku anakuja kuniposa alikuwa mrefu. Cherehani ndiyo iliyompunguza."

Jina la ukoo la baba lilikuwa Simwinga. Mnajua kwetu Wanamwanga mwanamume jina lake huanza na Si, na mwanamke wa ukoo huohuo huanza na Na. Kwa hiyo mimi, Damari, nilikuwa Namwinga. Lakini baba, kila alipokaribishwa kiti, alijibu "sikai, napita tu," hata watu wakamwita Fundi Sikai. Siku moja karani wa kodi, mgeni kutoka pwani, akauliza huyu ni nani. Watu wakasema Sikai. Akaona linafanana na majina ya wenzake wote, akaliandika kitabuni. Baba kulirekebisha ilikuwa lazima asubiri foleni upya, na yeye kusubiri hawezi. Akalikubali. Tukalala akina Simwinga, tukaamka akina Sikai. Na mimi wasichana wenzangu kisimani wakanipa langu: Nakai.

Sasa vipimo. Baba hakuamini futi. Alisema ukimzungushia mtu futi anavuta tumbo ndani, unamshonea mtu ambaye hayupo. Alimwangalia mteja akija na akiondoka, akamwachia asimulie habari za kwake, na huku mkononi anafunga mafundo kwenye kamba ya katani. Fundo la kwanza shingo, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne urefu. Herufi hazikumwelea sana, basi mwisho wa kamba alifunga kitu cha kumkumbusha ni ya nani: punje ya kahawa kwa mkulima wa Mbozi, unyoya kwa mfuga kuku, na kwa mtu mmoja mgomvi, pilipili. Kamba hizo zilining'inia ukutani kwetu. Mgeni akiuliza ni uganga wa aina gani, mama alimjibu, "Hao ni wateja. Yule mwenye pilipili usimguse."

Mimi nilianza kwenye matundu ya vifungo, kama yeye. Kitu changu cha kwanza kukata kilikuwa koti la mwalimu wa dini. Nilikata vizuri, nikashona vizuri, nikalitundika, ndipo nikaona mikono yote miwili ni ya kushoto. Nilikuwa nimekata mkono mmoja, nikauweka palepale juu ya kitambaa bila kuugeuza, nikakata wa pili. Ndiyo maana nawaambia kila siku: kunja kitambaa uso kwa uso, kata mara moja, vitoke pacha.

Baba hakunipigia kelele. Alilivaa lile koti, akazunguka uani mkono mmoja umepinda kama jogoo aliyelala vibaya, akamwendea mama. "Shikamoo mama," akasema, na kumpa kiwiko. Mama alicheka hadi akakaa chini. Kisha baba akalivua, akanikabidhi. "Sasa mpelekee mwenyewe."

"Baba, twende wote."

"Kosa la mkasi wako haliombewi msamaha na mtu mwingine."

Nilikwenda. Mwalimu alisikitika, kisha akasema mtoto wake mdogo hana shati. Nikalifumua koti, nikamshonea mtoto. Mwalimu alisubiri koti lake hadi mavuno mengine.

Basi nije kwenye jambo lenyewe. Baada ya vita baba alipata baiskeli, akaacha kubeba cherehani kichwani, akaifunga kwenye keria kwa mpira. Nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuposwa. Alikuwa akiteremka mlima wa Mpemba, na breki zake zilikuwa nyayo za miguu yake, akakutana na ng'ombe wanavuka. Ng'ombe hakuguswa. Baiskeli ilikwenda huku, baba kule, na cherehani ikamwangukia juu ya mkono wa kulia.

Waliomleta nyumbani walisema walipomfikia alikuwa na swali moja: "Gurudumu la cherehani linazunguka?" Walipomwambia linazunguka, ndipo akazimia.

Mzee mmoja muunga mifupa akamnyoosha mkono, akaufunga kwa vijiti vya mianzi, akamkataza kuutumia mpaka mwezi uandame mara mbili. Baba akauliza kama anaweza kutembea. Mzee akasema miguu si kazi yake. Na sisi tukapumua, mpaka mama alipofungua mzigo wa baiskeli akakuta ndani drili nyeupe, jora zima lililokunjwa kwa uangalifu.

"Baba Damari, hii ni ya nani?"

Baba akafumba macho. "Ya watu wa Ileje."

Ilikuwa drili ya harusi. Kijana mmoja wa milima ya Ileje, Ambakisye, alikuwa anaoa baada ya majuma mawili na nusu. Ukoo wake ulinunua kitambaa Mbeya, cha koti na suruali ya bwana harusi, na cha makoti ya wapambe wake wanne. Kitambaa cha namna ile kilikuwa kimekwisha dukani. Kukiharibu kulikuwa sawa na kuiharibu harusi. Fundi mwingine wa karibu alikuwa ng'ambo, Nakonde, naye alikuwa amelemewa na sare za kwaya.

Baba akanitazama. Mama akamtazama baba. "Usiniambie," mama akasema.

"Sijasema kitu."

"Alipolikata koti la mwalimu alikuwa mtoto, sasa ni mwanamke, na mwanamke hashoni koti la mwanamume. Ukoo wa mchumba wake utasemaje? Na watu wa Ileje wakisikia?"

"Wakisikia watakuwa wamekwisha kuvaa," baba akasema.

Lakini walisikia mapema. Siku ya tano akaja mjomba wa bwana harusi, Mzee Kibona, ametembea siku mbili, na Ambakisye nyuma yake. Walikuja kumpa fundi pole, wakamkuta baba amekaa kwenye mkeka, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na mimi niko mezani na mkasi juu ya drili yao.

Mzee Kibona hakupandisha sauti. Alisalimia, akauliza hali ya mkono, akanywa togwa aliyopewa. Kisha akasema, "Fundi, nimekuja na macho yangu. Yule binti anafanya nini na kitambaa chetu?"

"Anakichungulia."

"Na mkasi?"

"Mzee mwenzangu, mkono wangu umelala. Wake uko macho. Mimi ndiye niliyempa kazi."

"Mwanamke atampimaje mwanamume? Atamshika kiuno mbele za watu? Huyu kijana anaoa msichana mwingine."

Hapo baba akatabasamu, kwa sababu aliulizwa jambo lililomfurahisha. "Hakuna atakayemshika. Ambakisye, mwanangu, nenda mpaka kwenye ule mti wa mlangoni kwa jirani, kisha urudi."

Kijana akaenda, akarudi. Baba akataja kifua, kiuno, urefu wa mkono, urefu wa mguu, kama mtu anayesoma. Mzee Kibona akamtaka atoe futi wahakikishe. Mama akaleta futi, Mzee Kibona akampima mpwa wake mwenyewe, polepole, futi ikiwa juu chini mpaka mimi nikamgeuzia. Kiuno kilikuwa sawasawa. Kifua kilitofautiana kwa robo inchi, na baba akasema, "Amevuta pumzi."

Mzee akakunja futi. "Tutabaki hapa," akasema. "Harusi ikiharibika niwe nimeona mwanzo wake."

Wakakaa kwa jirani. Mimi nikakata. Niwaambie ukweli, kila mstari wa chaki niliupitia mara tatu kabla ya kugusa mkasi. Drili nyeupe haina huruma: mkasi ukikosea unaonekana, jasho la kidole linaonekana. Kila asubuhi nilinawa mikono kwa majivu. Mama, ambaye hakutaka nishone, alikaa na tawi la majani kufukuza nzi wasitue kwenye kola, na mtu akipita akachungulia, mama alimwuliza kama kwake hakuna kazi.

Baba, kutoka mkekani, alikuwa akinisomea vipimo na kuongeza maneno. Alikuwa na homa ya mkono, siku nyingine alichanganya habari: Ndola, Lupa, fundi wake wa Nyasa. Jioni moja akasema, "Bega lake la kushoto limeshuka. Nusu inchi." Nikaitikia "ndiyo baba," nikaendelea. Nilidhani ni homa. Kijana mwenyewe nilimwona amenyooka kama mtama.

Makoti ya wapambe yakaisha, yakakaa vizuri. Kisha Ambakisye akaja kujaribu la kwake. Mzee Kibona akasimama mbele. Kijana akafunga vifungo, na koti likainama kushoto, kifuani kukatokea mkunjo mkubwa wa kushuka, na pindo la chini likawa refu upande mmoja. Alionekana kama mtu anayesikiliza kitu kilicho ardhini.

Kitambaa kilichobaki kilitosha leso.

Nikamgeukia baba. Homa ilikuwa imemwachia siku ile. "Kazi yako ilikuwa nini, mwanangu?" akamwuliza Ambakisye.

"Tangu mdogo nabeba magogo ya mbao, baba. Bega hili."

Baba akaniangalia mimi. Nikamwambia Mzee Kibona, baba akisikia, kwamba baba aliniambia habari ya bega na mimi nikapuuza, kosa ni langu, na naomba mpaka jua lizame. Mzee akatazama jua, akatazama koti. "Lizame lote?" akauliza. "Basi nitakaa hapa nilitazame."

Nikafumua bitana ya bega la kushoto. Niliogopa kukata chochote. Nikajiuliza, kama bega limeshuka na siwezi kushusha koti, je, siwezi kulipandisha bega? Mama alikuwa na mto wa pamba ulioshonwa kwa mabaki. Nilipoushika alisema, "Huo ndio nalalia," na kisha akaupasua mwenyewe. Nikafanya kimto kidogo, chembamba shingoni, kinene kwenye ncha ya bega, nikakishonea ndani kwa mishono mirefu ya mkono, nikafunika na bitana. Nikampa avae.

Mkunjo ulikuwa umeondoka. Ambakisye alisimama sawasawa, mabega mawili kwenye mstari mmoja, na hata yeye mwenyewe alishangaa. Alipita mara tatu mbele ya kile kioo cha mama cha kiganja akijaribu kujiona wote. Mzee Kibona akamzunguka. Akaminya bega. Akaminya tena.

"Hapa ndani kuna nini?"

"Mto wa mama yangu, mzee."

Akafikiri. "Asilowe mvua."

"Harusi ni kiangazi," baba akasema kutoka mkekani.

Nilikwenda nao Ileje, na baba akaja na mkono wake umefungwa, maana kumwacha nyumbani ilishindikana. Baiskeli ilikuwa imepinda, kwa hiyo cherehani niliibeba mimi kichwani, huenda koti likahitaji kitu njiani. Kule kanisani bibi harusi alipogeuka akamwona mume wake, alimnong'oneza msimamizi wake wa kike, na mama huyo alikuja kunieleza baadaye. Bibi harusi alikuwa ameuliza, "Huyu ndiye yule yule?"

Kabla hatujaondoka, wanaume saba wa ukoo ule walitaka koti. Walisimama mstari. Mzee Kibona akawaambia wakae mbali na mimi, watembee mpaka kwenye ghala na kurudi, ndivyo mafundi wa Tunduma wanavyopima. Baba akaketi kwenye gogo, akanipa kamba ya katani, kwa sababu yeye hawezi kufunga fundo kwa mkono mmoja. Akatazama, akataja, nikafunga.

Mkono wake ulipona, lakini ulibaki umepinda na vidole viwili havikushika tena. Kuongoza kitambaa chini ya sindano hakuweza. Kwa miezi michache tulimwonea huruma, na yeye alichukia huruma kuliko upele. Asubuhi moja tukaamka hayupo. Alikuwa amechukua fimbo na kamba za katani. Alirudi baada ya wiki tatu, amefika Karonga na kurudi, na mkobani kamba kumi na nne, alizofungiwa mafundo na wateja wenyewe. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote iliyofuata: yeye miguu na macho, mimi mikono. Mume wangu, Yona, alikuwa mpole. Alipoambiwa na ndugu zake kwamba mkewe anawashonea wanaume, alijibu kwamba na yeye ni mwanamume na suruali yake haina tundu.

Nikapata mtoto wa kwanza, wa kiume. Baba akawa babu. Tulidhani sasa atatulia. Alitulia siku nane. Mtoto alipofikisha miezi saba, nilikuwa na kazi ya haraka, suruali za watu wa ng'ambo walioahidiwa kesho yake. Mtoto analia, nazungusha cherehani kwa mkono mmoja, namtikisa kwa mguu. Baba akaja akasema, "Nipe." Nikampa bila kuinua kichwa.

Nilipoinua, uani kimya. Mama akatoka jikoni. "Baba yako amempeleka wapi mtoto?"

Nikatoka na futi shingoni. Jirani mmoja alikuwa anacheka hadi anashika ukuta. Alisema amemwona Mzee Sikai amefunga mjukuu mgongoni kwa kanga, kama mwanamke, amefunga kwa meno na mkono mmoja, na fimbo mkononi, anaelekea mpakani. Mama alifunika uso. Nyakati zile mwanamume kubeba mtoto mgongoni barabarani lilikuwa jambo la kusimulia kwa mwaka mzima.

Nilimfuata mpaka karibu na kizuizi. Nikawaona kwa mbali. Watu wamekusanyika pande zote mbili, wa huku na wa Nakonde. Baba anawasalimia kwa zamu, "Mwapoleni mukwai," kwa Kibemba chake cha Ndola, na mtoto nyuma amelala, kichwa kimeegemea bega. Askari wa mpakani alikuwa anajitahidi asicheke.

"Mzee, wewe nakujua, kila wiki unapita. Huyu mwingine anakwenda wapi?"

"Anakwenda Nakonde kwa shangazi yake."

"Na wewe?"

"Mimi namsindikiza tu," baba akasema. "Mama yake yuko kazini."

Askari akainua mti. Baba akavuka. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, na mtoto angehitaji kunyonya baada ya saa moja, na shangazi yule uji wake naujua ni mzito. Nikasimama nikawatazama mpaka kanga ile ikapotea kati ya watu. Kisha nikageuka, nikarudi nyumbani mbio, kwa sababu suruali zilikuwa sita, na kwa mara ya kwanza tangu nijifungue mikono yangu yote miwili ilikuwa huru.